Kupiga Windows juu ya Windows halafu mashine ikazidi kuzima: kisa cha stationari moja Moshi

Duka na mashine yenyewe

Duka ni la stationari, lipo Moshi mjini, mtaa na jina nimevitoa na watu nitawataja kwa kazi zao tu. Wanafanya kila kitu unachokijua cha stationari, fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, laminesheni, kuskani vyeti, na ikifika msimu wa watoto wa form six kuomba vyuo na mikopo ya HESLB hapo ndani hapapitiki, watoto wanakaa mpaka kwenye ngazi na bahasha zao mkononi. Mwenye duka ni mama wa makamo, na kuna dogo mmoja ambaye kutwa nzima ndiye anakaa kwenye kompyuta.

Kompyuta ni ya mezani, mtumba, Core i5 ya kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kila kitu kinapitia) GB 8 ambayo ni vipande viwili vya GB 4 aina ya DDR3, diski ya kawaida ya GB 500, Windows 10. Mashine za hivi zimejaa maofisini Moshi na Arusha na mimi nazipenda, zinavumilia na vipuri vyake havisumbui kupata. Ndani kulikuwa na programu ya mahesabu ambayo mama aliwekewa miaka ya nyuma na mtu ambaye sasa hivi hapatikani kwenye simu, CD yake haipo, namba ya leseni haipo, na humo ndimo kuna madeni ya shule zinazochapisha mitihani hapo kwa mkopo. Hiyo programu ndiyo ilifanya kila mtu aliyeigusa hii mashine aogope kuifuta na kuanza upya, na ni woga wa haki kabisa.

Ilivyoanza, na alichofanya fundi wa kwanza

Mashine ilianza kutoa skrini ya bluu mara moja moja, inakaa siku kadhaa vizuri halafu katikati ya kazi inakuja ile sura ya kununa na maandishi, inajirestati, inaendelea. Dogo akawa anaseva kila baada ya dakika chache na maisha yakaendelea. Ikazidi, akaitwa fundi wa kwanza.

Huyo fundi ni mtu makini, naomba ieleweke hivyo. Alifungua kasha akapuliza vumbi, akabadili pesti ya prosesa, akaingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, akakuta mistari mingi ya Kernel-Power 41. Kwa jinsi umeme unavyocheza mitaa ile, kuona neno Power akaelewa moja kwa moja kwamba ni pawa saplai, akabadili pawa saplai. Mashine ikaendelea kuzima.

Hapa nisimame kidogo maana hii Kernel-Power 41 imewapotosha mafundi wengi. Ule mstari unasema tu kwamba Windows ilipowaka ilikuta haikuzimwa kwa utaratibu, basi, hausemi kwa nini. Sababu unaitafuta kwa kufungua maelezo ya ndani ya huo mstari, kuna sehemu imeandikwa BugcheckCode. Ikiwa ni 0 ina maana Windows haikuwahi kuandika sababu yoyote, umeme ulikatika au mashine iliganda mtu akashikilia kitufe. Ikiwa na namba nyingine, hiyo ni skrini ya bluu na namba yake ndiyo kosa lenyewe, ila imeandikwa kwa hesabu ya kawaida. Kwenye mashine hii kulikuwa na 26 nyingi, ukiigeuza kwenda heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16) ni 0x1A, yaani MEMORY_MANAGEMENT. Kulikuwa na 80 pia, ambayo ni 0x50, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Habari ya pawa saplai haikuwemo humo.

Baada ya pawa saplai kutosaidia, fundi akaona basi Windows yenyewe imeharibika, na kwa kuwa programu ya mahesabu haiwezi kuwekwa upya akachagua kupiga Windows juu ya Windows. Kwa asiyejua, hii unaifanya ukiwa ndani ya Windows inayowaka, unafungua ISO (faili lenye Windows nzima ya kuweka) au fleshi, unabonyeza setup, unachagua kubakiza mafaili na programu. Mafaili ya mfumo yanawekwa mapya, ya zamani yanahamishiwa kwenye folda ya Windows.old, na programu, mipangilio na draiva (programu ndogo zinazofanya kazi ndani kabisa ya mfumo) za watu wengine zinavushwa kuja kwenye Windows mpya. Ni njia nzuri na mimi naitumia sana.

Mashine ikatulia kidogo, mama akalipa, fundi akaondoka. Haikuchukua muda ikaanza tena, na safari hii ilikuwa mara kadhaa kwa siku. Skrini za bluu zikaja na majina mapya ambayo hayakuwepo, Excel ikawa inajifunga yenyewe, na picha nyingine za wateja zikifunguliwa nusu ya juu ni mtu na nusu ya chini ni kijivu tupu. Ndipo nikapigiwa simu.

Nilipofika

Nilimkuta mama amekata tamaa kabisa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akaniambia maneno ambayo nayakumbuka vizuri: "Fundi, ukitaka kuifuta futa, lakini madeni ya watu yasipotee, hayo ndiyo ada ya mtoto."

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kwamba hii mashine isiwashwe tena mpaka diski yake iwe imekopiwa, na isikopiwe ikiwa ndani ya mashine hiyo hiyo. Dogo alikuwa na laptop yake, tukaunganisha printa kwenye laptop kazi ziendelee, mimi nikachomoa diski nikaichomeka kwenye laptop yangu kwa adapta ya USB. Sababu yangu wakati ule ilikuwa kwamba picha zenye nusu kijivu zilinifanya nihisi diski inakufa, na diski inayokufa ukiendelea kuiwasha na kuandikia Windows juu yake unaimalizia. CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, ikaonyesha afya nzuri, sekta zilizohamishwa sifuri, sekta zinazosubiri sifuri. Nikachukua taswira ya diski nzima nikaiweka kwenye diski ya nje.

Kilichokuja kujulikana baadaye ni kwamba kuikopi nje ya mashine ile kuliokoa data kwa sababu nyingine kabisa ambayo sikuwa nayo kichwani wakati ule, nitaifikia.

Jambo la pili lililokuwa na haraka ni Windows.old. Ile folda Windows inaifuta yenyewe baada ya siku 10, na humo ndimo kuna ushahidi wa jinsi mashine ilivyokuwa kabla ya kupigwa Windows juu. Kwenye Windows.old nilikuta folda ya Minidump ya zamani, na kwenye Windows mpya nikakuta Minidump nyingine. Kila skrini ya bluu inaacha kafaili kadogo humo. Kwa hiyo nilikuwa na makosa ya kabla na makosa ya baada, naweza kulinganisha. Watu wengi wakipiga Windows wanakimbilia kufanya Disk Cleanup kupata nafasi, na huo ushahidi unaondoka.

Mkosaji wa kwanza

Pale dukani bando lilikuwa halitoshi kwa mambo mazito, nikaanza na BlueScreenView, programu ndogo inayosoma zile minidump bila intaneti. Za kabla zilikuwa karibu zote zinamtaja ntoskrnl.exe, ambayo ni kiini cha Windows chenyewe na kwa kawaida ukiona anatajwa yeye jua tu kwamba yeye ndiye aliyegundua maiti. Za baada zilikuwa mchanganyiko, ntoskrnl bado yupo ila kulikuwa na jina lingine linajirudia, draiva ya antivirasi.

Nikamuuliza dogo mna antivirasi gani, akasema hakuna braza, ilikuwepo zamani ikaisha muda tukaitoa. Nikarudisha diski, nikawasha mashine, nikafungua Command Prompt kwa ruhusa ya admini nikaandika fltmc. Hii amri inakuorodheshea draiva zote zinazokaa kati ya programu na mafaili, kila moja na namba yake ya kimo. Kimo cha 320000 mpaka 329998 ni eneo la antivirasi. WdFilter, ambayo ni ya Defender, antivirasi ya Windows yenyewe, ilikuwepo kwenye 328010 kama kawaida, na jirani yake kwenye eneo hilo hilo kulikuwa na draiva ya ile antivirasi iliyotolewa zamani. Programu iliondoka, draiva ikabaki inafanya kazi bila mwenyewe, toleo la miaka ile, na kupiga Windows juu ya Windows kukaivusha vizuri tu kuja kwenye mfumo mpya.

Watengenezaji wa antivirasi karibu wote wana kifaa chao maalumu cha kusafishia mabaki. Nikakipakua cha hiyo kampuni, nikaingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya msingi tu), nikakiendesha, nikarestati, fltmc ikawa safi. Mashine ikatoka kwenye kuzima mara kadhaa kwa siku ikarudi kwenye kuzima mara moja moja, yaani ilivyokuwa kabla fundi wa kwanza hajaigusa.

Hapa ndipo mtu anaweza kuchukua hela yake akaondoka maana mabadiliko yanaonekana kwa macho. Lakini zile minidump za kwenye Windows.old zilikuwa zinakataa. Za kabla hazikumtaja huyu draiva hata moja, na mashine ilikuwa inazima. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine cha zamani zaidi.

sfc inayosahihisha kisichoisha

Nikaendesha sfc /scannow, amri ya Windows ya kukagua na kutengeneza mafaili yake ya mfumo. Ikasema imekuta mafaili yaliyoharibika na imeyatengeneza. Vizuri. Nikaendesha DISM na RestoreHealth, amri nyingine ya Windows ya kujitengeneza, ikamaliza. Nikarudia sfc nikitegemea iseme hakuna tatizo, ikasema tena imekuta na imetengeneza. Nikafungua CBS.log, logi ya kazi hiyo, kuangalia ni mafaili gani, yalikuwa mengine, siyo ya mara ya kwanza. Nikairudisha tena, mengine.

Fikiria hicho kitu kinavyofanya kazi. sfc inasoma faili kutoka kwenye diski, inaliweka kwenye RAM, inapiga hesabu ya alama yake, inalinganisha na alama inayotakiwa. Kama diski ni nzima na faili ni zima lakini kipande cha RAM lilipowekwa kina kasoro, hesabu itatoka tofauti, sfc itasema faili bovu, italitoa faili zima na kuliandika lingine, na hilo lingine nalo linapita kwenye RAM ile ile. Faili likiangukia mahali pazuri linapona, likiangukia mahali pabaya linaandikwa likiwa limeharibika kweli. Windows ikiwa mbovu kwa kawaida inakuwa mbovu pale pale kila ukiitazama, na ubovu unaohamahama hivi mimi naupeleka moja kwa moja kwenye vyuma.

Mama alipouliza kwa nini kupigwa Windows kumezidisha tatizo nilimwelezea kwa mashine yake ya fotokopi, kwamba kioo kikiwa na mkwaruzo kila karatasi itatoka na mstari, na ukichukua karatasi mpya safi ukaipitisha hapo ili upate nakala nzuri unapata nakala mpya yenye mstari ule ule. Akanielewa pale pale, kwa kweli kuliko mafundi wengi niliowahi kuwaeleza.

RAM

Ushahidi ulikuwa unaelekea huko, ila kuhisi ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kingine. Usiku nikiwa nyumbani nikafungua minidump mpya kwa WinDbg, programu ya Microsoft ya kuzichambua kwa undani, ambayo inashusha alama za mafaili kutoka kwa Microsoft ndiyo maana inataka bando. Ukiandika !analyze -v inachukua kodi iliyokuwa kwenye RAM wakati mashine inakufa inailinganisha na kodi halisi ya Microsoft. Mojawapo ikatoa MEMORY_CORRUPTION_ONE_BIT, na kwenye jina la moduli ikaandika hardware. Maana yake katika kodi yote iliyolinganishwa kuna biti moja tu, yaani 0 au 1 moja, imegeuka. Draiva mbovu ikiharibu RAM kwa kawaida inaandika baiti (biti nane) nzima nzima juu ya kitu cha mwenzake, kwa hiyo biti moja peke yake inanifanya nitazame RAM kwanza.

Mashine yenyewe ilikuwa imeshapimwa RAM na kile kipimo kilichomo ndani ya Windows, fundi wa kwanza aliniambia kwa simu na mimi nikakirudia, kikasema hakuna kosa. Kile kipimo kwa mpangilio wake wa kawaida ni kifupi. Kikikuta kosa amini, kisipokuta bado hujajua kitu.

Tukakubaliana na mama mashine iachwe usiku duka likifungwa. Nikaweka Memtest86+, programu ya kupima RAM nje ya Windows, kwenye fleshi, nikabuti nayo, tukafunga mlango. Asubuhi tukakuta mashine imezima, umeme ulikatika usiku na yupiesi ya dukani inashikilia dakika chache tu. Usiku mwingine nikaja na betri yangu ya maana, tukaiacha tena.

Asubuhi skrini ina mistari myekundu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa umepita safi, makosa yalianza kwenye mzunguko wa pili, na kwa sababu hiyo mtu anayepima dakika kumi anaambiwa RAM ni nzima. Anwani zilikuwa zinakaribiana sana na kila mstari unasema kitu kimoja. Mwisho wa namba iliyotarajiwa ni ffffffff, iliyopatikana ni ffffefff. Hiyo f moja iliyokuwa e ndiyo kesi yote, biti moja ambayo ikiambiwa ikae 1 mara nyingine inaanguka kwenye 0. Kwenye vipimo vinavyoandika sifuri tupu hapakuwa na kosa hata moja.

Sikununua RAM hapo hapo. Kosa la RAM linaweza kuwa la kipande chenyewe, la sloti kwenye mazabodi, au uchafu tu kwenye meno, na Moshi wakati wa kiangazi vumbi linaingia kila mahali. Nikatoa vipande vyote viwili, nikasafisha meno kwa kifutio cha penseli, nikaanza kupima kimoja kimoja. Kipande cha kwanza kwenye sloti ya kwanza safi mizunguko mingi. Kipande cha pili kwenye sloti ile ile ya kwanza, makosa, biti ile ile. Nikakipeleka sloti nyingine, kosa likamfuata. Kipande ndicho kibovu, mazabodi ni nzima.

Tarakimu tano iliyogeuka

Dogo akakumbuka kitu. Wiki kadhaa nyuma alikuwa ametoa orodha ya madeni kwenye programu ya mahesabu kuwa faili la maandishi ili ampelekee mwalimu mmoja kwa WhatsApp, na kwenye mstari mmoja deni la 45000 lilikuwa limeandikwa 4%000. Alidhani ni kidole chake kimegusa Shift, akarekebisha akatuma.

Nikamwambia alitafute lile la kabla hajarekebisha, bado lilikuwepo kwenye kompyuta. Tarakimu 5 ndani ya kompyuta inaandikwa 00110101. Alama ya asilimia ni 00100101. Tofauti ni biti moja, imetoka 1 imekuwa 0, na nafasi yake ndani ya baiti ndiyo nafasi ile ile ya biti iliyoonekana kwenye Memtest. Ukitumia biti hiyo hiyo herufi t inakuwa d, u inakuwa e, s inakuwa c, vitu ambavyo mtu akiviona kwenye barua anasema nimekosea kuchapa.

Na hapo picha za nusu kijivu nazo zikaeleweka. Faili la JPEG limebanwa kwa namna kwamba kila kipande kinategemea kilichotangulia, biti moja ikigeuka katikati msomaji anapotea njia na kila kinachofuata kinaharibika. Faili la Excel la xlsx kwa ndani ni zip, zip ina hesabu yake ya ukaguzi, kwa hiyo lenyewe linakataa kufunguka kabisa au linaomba kurekebishwa. Faili la maandishi halina mlinzi, linabeba kosa kimya kimya. Programu ya mahesabu nayo ndiyo iliyonitisha kuliko vyote, maana namba iliyobadilika ndani ya hifadhidata haionyeshi rangi ya kijivu.

Kupiga Windows juu ya Windows, safari hii ikiwa na maana

Kutoa kipande kibovu peke yake kusingetosha. Windows iliyokuwa kwenye diski ilikuwa imeandikwa ikipitia RAM mbovu, na sfc zetu zote nazo zilikuwa zimeandika zikipitia humo humo. Kwa hiyo nikaamua turudie kile kile alichofanya fundi wa kwanza, mashine ikiwa na kipande kimoja kizima cha GB 4.

ISO niliiandaa kwenye laptop yangu, Windows 10 toleo la 22H2, lugha na toleo sawasawa na iliyokuwa kwenye mashine maana zikitofautiana ile nafasi ya kubakiza programu inakataa kuchagulika. Kabla ya kuweka kwenye fleshi nikaipiga certutil -hashfile na SHA256, amri inayotoa alama ya ukaguzi ya faili, nikalinganisha na inayotakiwa. Nikakagua kwanza draiva zilizopo ili nisivushe takataka nyingine, nikatoa za printa ambazo duka halina tena. Antivirasi ilikuwa imeshaondoka. Nikaendesha setup ndani ya Windows, ikachukua muda mrefu kwa ile diski, ikawaka.

sfc ikasema haijakuta kosa lolote. Nikarudia, jibu lile lile. Tukairudisha kazini.

Matokeo

Mashine ilifanya kazi na GB 4 kwa muda, ilikuwa nzito Chrome ikifunguliwa na watoto wa maombi, lakini haikuzima. Baadaye mama alinunua kipande kingine cha mtumba Arusha kupitia ndugu yake, na kabla hakijaingia kazini kililala usiku mzima kwenye Memtest. Hakuna skrini ya bluu tangu hapo. Kipande kibovu nilikiandika kwa maka peni na mama akakubali kisirudi sokoni, maana hizi RAM za mtumba ndivyo zinavyozunguka kutoka duka hadi duka.

Programu ya mahesabu ilipona na inafunguka. Ina kazi ya kukagua hifadhidata yake yenyewe, ikapita, lakini kwa sababu ya ile 4%000 hatukuiamini peke yake. Mama na dogo walikaa na daftari la karatasi la madeni wakapitia shule moja baada ya nyingine, na palipotofautiana karatasi ikafuatwa.

Picha hazikupona zote.

Tunachojifunza hapa

Ni kosa kumlaumu fundi wa kwanza, alichagua njia sahihi kwa sababu sahihi, data haikutakiwa kupotea. Kilichokosekana ni mpangilio. Kupiga Windows juu ya Windows kunaandika mafaili mengi sana kwa mkupuo kupitia RAM na diski, kwa hiyo ukiifanya kabla ya kupima hivyo viwili, mashine yenye kasoro ndogo unaifanya iwe na kasoro iliyosambaa. Kumpima RAM ni usiku mmoja, na mashine ya dukani usiku haina kazi.

Makosa mawili yalikuwa yanafichana, hilo ndilo lililofanya kisa kiwe kirefu. Draiva ya antivirasi ilikuwepo siku zote bila kuzimisha mashine, ikaanza kuzimisha ilipokutana na Windows mpya. Mtu aliyeangalia minidump za baada tu angeapa kwamba ni antivirasi, na kwa sehemu angekuwa sawa. Kilichotutenganishia ni kuwa na za kabla. Kwa hiyo mtu akikuletea mashine iliyopigwa Windows juzi, kabla hujafanya lolote kopi Windows.old\Windows\Minidump na logi za Event Viewer uweke pembeni.

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kutoikopi data kwa kutumia mashine ile. Kama ningechomeka diski ya nje pale pale dukani nikaburuta mafaili, kila picha ingepita kwenye biti ile, na tungekuwa na bekapu mbovu yenye tarehe ya leo tukifuta nzuri za zamani.

Na hapo kuna jambo la bekapu ambalo bado linaniuma. Dogo alikuwa na nidhamu, kila wiki anakopi picha za wateja kwenye fleshi, amefanya hivyo miezi. Zote zilipita kwenye RAM ile. Kilichotuokoa ni kwamba kosa la namna hii linaangukia mahali tofauti kila mara, kwa hiyo picha iliyoharibika kwenye fleshi ya mwezi mmoja inaweza kuwa nzima kwenye ya mwezi mwingine. Nilitumia amri ya fc /b kwenye laptop yangu kulinganisha nakala ya fleshi moja na ya nyingine na ya kwenye diski. Zikifanana zote tatu tukaiacha, zikitofautiana dogo anazifungua moja moja kwa macho na kuchagua inayoonekana nzima. Kwa njia hiyo tulirudisha nyingi. Zile ambazo ziliharibikia kwenye diski kabla ya bekapu ya kwanza zilikuwa mbovu kila mahali, kuna za harusi moja ya Kibosho ambazo kadi ya kamera ilishafutwa, na hizo mama aliwapigia wenyewe simu akawaambia ukweli na kuwarudishia hela yao.